Sigara ya Kushika Tu

Benchi la pale kona lilikuwa kochi kabla ya kuwa benchi. Mteja mmoja alilikataa kwa sababu ya rangi, basi sponji yake ikabanduliwa ikatiwa kwenye kochi la mtu mwingine, na kiunzi kikatolewa nje ya karakana, kikaegemezwa ukutani karibu na jiko la Bi Birika, muuza kahawa. Tangu siku hiyo halijawahi kukosa makalio. Ndani ya karakana sigara ni marufuku, maana siku moja cheche ilidondoka kwenye rundo la sponji, moto ukashika, na mafundi wakauzima kwa maji ya kunawia huku kila mmoja akimlaumu mwenzake. Bosi, ambaye enzi hizo naye alikuwa mvutaji wa kutupwa, alisimama mlangoni na nyusi zimeungua nusu, akatoa amri: anayetaka kuvuta atoke nje, avute, arudi. Ilikuwa amri nzuri. Kasoro yake ni moja tu, haikusema neno lolote juu ya asiyevuta. Basi kuanzia hapo mvutaji akawa na mapumziko asubuhi na alasiri, na asiyevuta akawa na kazi.

Asubuhi hiyo Sindano alifika benchini wa mwisho, uso umemshuka. Huyu ndiye mshonaji wa makochi, mwembamba, vidole virefu, na jina alipewa kwa kazi yake na kwa umbo lake kwa pamoja. Aliwakuta wenzake wamekwisha kuwasha. Alikuwapo Redio, fundi wa vanishi, ambaye akifunguka asubuhi hazimiki mpaka jioni. Alikuwapo Gundi, mbandika sponji, mkubwa wa mwili, mpole, mwenye kawaida ya kukohoa kwanza ndipo aseme. Na alikuwapo Hakimu, fundi viatu wa kona ya pili. Karakana haimhusu ndewe wala sikio, lakini hakuna kesi iliyowahi kusikilizwa pale bila yeye kuitolea hukumu.

— Vipi, kaka, leo umeamkia ndimu? Redio aliuliza.

— Binti yangu amenikuta na sigara, alisema Sindano.

Wote watatu wakaacha kupuliza.

— Sigara gani?

— Ile.

— Ile ya kushika?

— Ile ile.

Hapa ni lazima msomaji aelezwe, maana hata binti mwenyewe alielezwa na hakuelewa. Sindano hajawahi kuvuta sigara tangu azaliwe. Siku za mwanzo za ajira yake alitoka nje kunyoosha mgongo, akakaa kwenye benchi hili hili, na bosi akamkuta. "Wewe huvuti," bosi alimwambia, "sasa umekaa hapo unafanya nini?" Sindano aliinuka akarudi ndani. Kesho yake akapita dukani akanunua sigara moja, akaiweka sikioni, akatoka na wenzake akakaa nayo vidoleni bila kuiwasha. Bosi akapita, akaiona, akaenda zake. Tangu hapo ikawa desturi. Sigara ikilegea kwa jasho humpa Redio aivute, kisha hununua nyingine. Wenzake wakaiita kitambulisho.

— Tueleze vizuri, alisema Hakimu akijiweka sawa. Kesi haianzii mkiani.

— Jana jioni binti na mtoto wake walitoka hospitali, alisema Sindano. Mnajua mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, kifua bado kichanga. Nesi akamwambia binti yangu: anayenuka sigara asimsogelee huyu mtoto, hata kama hakuivutia mbele yake. Mimi nimerudi kutoka kazini mbiombio, sijavua hata viatu, nimenyoosha mikono hivi. Mjukuu wangu wa kwanza, jamani. Binti ananisogezea. Ananusa. Anarudi nyuma.

— Harufu si ushahidi, alisema Hakimu.

— Nikasema basi nimwone uso tu. Nikainama. Sigara ikachomoka mfuko wa shati, ikaangukia blanketi la mtoto.

Hakimu alifikiri kidogo.

— Hapo umeharibu.

— Ukasemaje? aliuliza Redio.

— Nikasema ni ya kushika tu.

Redio alicheka mpaka akajishika mbavu. Gundi naye akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakataa kuisha, Bi Birika akalazimika kumpa maji.

— Ya kushika tu! Redio alirudia akijifuta machozi. Kaka, hata mimi ningekuwa mwanao nisingekuamini. Hayo ndiyo maneno ya kila aliyeshikwa. Na shemeji je? Hakukutetea?

Sindano alitazama viganja vyake.

— Ndiye aliyenimaliza. Alimwambia binti: mwache babako, miaka yote nimejua anavuta, nimenyamaza tu kumstahi.

— Miaka yote?

— Miaka yote! Nguo si anafua yeye? Ananusa, ananyamaza. Ananusa, ananyamaza. Kumbe nimeishi na mwanamke anayenisamehe kosa nisilolijua.

Hapo hata Redio hakucheka. Sindano hakulala vizuri usiku ule, na kilichomkosesha usingizi zaidi hakuwa na uhakika nacho: kutoaminiwa na binti, au kustahiwa na mke kwa jambo ambalo hakulifanya. Alilolijua kwa yakini ni kwamba chumba cha pili kulikuwa na mtoto anapumua, na yeye babu yake alikuwa hajamgusa.

— Na wala si nguo peke yake, aliendelea. Mwezi uliopita nilikwenda kwa daktari kwa hiki kikohozi changu. Akanisikiliza kifua, akaniambia: mzee, punguza sigara. Nikamwambia sivuti. Akaniuliza: unakaa na nani kazini?

— Ukasema?

— Nikawataja ninyi.

— Umetutaja kwa daktari! Redio alishtuka. Kwa majina?

— Kwa majina ya benchi.

— Hii sasa ni fitina, alisema Redio, akawasha nyingine ili aweze kufikiri. Ngoja nikufundishe, maana huyo daktari inaonekana alisoma haraka. Moshi ukiingia kwangu, unapita wapi? Kifuani. Kifuani ukapata nini? Ukachujwa. Uchafu wote umebaki kwangu mimi. Unaotoka ni moshi uliosafishwa, na huo ndio unaoupata wewe. Mimi nakufanyia kazi bure, kaka, na shukrani yenyewe ndiyo hii.

— Kwa hiyo wewe ni chujio, alisema Bi Birika akipangusa kikombe.

— Naam. Chujio.

— Na chujio likichakaa tunalifanyaje?

Hakimu akaingilia kabla Redio hajashindwa.

— Tusiende mbali. Wahenga walikwisha kumaliza kesi hii. Walisema kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake nini? Maana yake, kama kiko nguoni, basi bado hakijaingia mwilini. Sindano ananuka shati. Kwa hiyo mwili uko salama. Avue shati, ashike mtoto, kesi imekwisha.

— Akamshike mtoto kifua wazi? aliuliza Gundi.

— Kuna sheria gani inayokataza?

— Kuna mkewe.

Gundi alikohoa, ishara kwamba naye ana lake. Vidole vyake vilikuwa vinang'aa kwa gundi iliyokauka, na sigara ilikuwa imebandikana navyo kiasi kwamba alipotaka kukung'uta majivu ilimbidi atikise mkono mzima.

— Mimi nadhani, alisema kwa upole, sisi wa karakana hatudhuriki. Vanishi inatusaidia. Mbao isiyopakwa vanishi inanyonya maji, siyo? Iliyopakwa, maji yanateleza. Sasa sisi tumeivuta hiyo harufu ya vanishi miaka mingapi? Mapafu yetu ndani yanang'aa. Moshi ukiingia unateleza tu, unatoka.

— Gundi, alisema Bi Birika, wewe unayekohoa hivyo, huo unaoteleza ni upi?

— Mimi labda nilipakwa mkono mmoja tu, wa pili ukasahauliwa.

— Siyo vanishi, ni vumbi! Redio alirudi hewani kwa nguvu mpya. Sikilizeni. Mafuta yakimwagika sakafuni tunayamwagia nini? Vumbi la mbao. Linanyonya yote. Sasa kifua cha fundi kimejaa nini? Vumbi la mbao! Moshi ukiingia, unanyonywa pale pale, hauendi popote. Mtu wa ofisini ndiye wa kuhurumiwa, kifua chake kitupu.

— Na hilo vumbi lililonyonya linatoka lini? aliuliza Gundi.

— Ukikohoa.

— Mimi nakohoa tangu mwaka juzi.

— Basi wewe ulikuwa na magunia.

— Daktari nilimwambia habari ya vumbi, alisema Sindano. Nikadhani atafurahi. Akasema vumbi na moshi vikikutana kifuani havigombani, vinasaidiana. Na akaniuliza kama kuna anayeshika sigara na gundi mkononi.

Gundi alitazama vidole vyake. Akajaribu kuviachanisha na sigara, ikagoma.

— Ukamwambia ni nani?

— Nikamwambia yupo mmoja, mtu mwema sana.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Hakimu kwa sauti ya kufariji, akimpiga Gundi begani. Usijali. Ni haba haba tu.

Gundi hakuonekana kufarijika. Bi Birika alimsogezea beseni la maji na kipande cha sabuni, naye akainama akaanza kujisugua.

— Basi turudi kwenye kesi, alisema Hakimu. Mlalamikaji hapa ni mtu mwenye haki yake inayozuiwa. Dawa ni mashahidi. Jioni hii tunakwenda ujumbe wa watu watatu, mimi, Redio na Gundi. Tunabisha hodi. Tunamwambia binti: mwanetu, babako huyu hatujamwona akivuta hata mara moja, na sisi tulikuwapo, tunavuta pembeni yake asubuhi na alasiri.

— Mtafika mlangoni mnanuka, alisema Sindano.

— Tutaoga.

— Na nguo?

— Tutavaa za kutokea.

— Koti langu la kutokea nalo nalivutia, alikiri Redio. Sherehe bila sigara huwa naona kama nimekuja kufagia.

— Basi aende Bi Birika, alisema Hakimu. Huyu havuti. Shahidi safi.

Bi Birika aliweka birika chini kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

— Safi wapi? Nikifika nyumbani mume wangu hufungua madirisha yote kabla hajanisalimia. Moshi wenu wote, ukitaka kwenda mjini, unapitia kwangu kwanza. Nguo zangu nazifua mara mbili. Na hiki kikohozi changu mnachosema ni cha mkaa, mkaa ninautumia tangu nimeolewa, kikohozi kimekuja tangu benchi hili liwekwe.

— Hukuwahi kusema, alisema Gundi akiwa bado ameinamia beseni.

— Ninyi ni wateja. Mteja anaambiwaje?

Upepo ulikuwa unavuma taratibu kutoka kwa Redio kwenda kwa Sindano, kama ulivyokuwa ukivuma kila siku, na ni leo tu Sindano aliutambua. Aliona jinsi uzi wa moshi ulivyotoka mdomoni mwa rafiki yake, ukazunguka kikombe, ukamfikia kifuani ukatulia pale kwenye shati alilolivaa asubuhi likiwa limefuliwa na kunyooshwa. Alisogea. Moshi nao ukasogea.

— Mbona jambo ni dogo, alisema Redio, na safari hii hakuwa anatania. Wewe huvuti. Usitoke. Baki ndani. Shati halitanuka, mtoto utamshika.

Sindano alitikisa kichwa.

— Nimeshafikiria. Mimi nakaa nimejikunja tangu asubuhi, navuta uzi wa kochi kwa nguvu zote. Ikifika saa hizi vidole vinakakamaa, havikunjuki. Mgongo nao unaniambia maneno mabaya. Nisipotoka kuja hapa dakika chache, mchana sifiki. Halafu...

Alisita, kwa kuwa si mtu wa kusema mambo kama haya.

— Halafu ninyi ndio watu wangu. Nikibaki ndani nitazungumza na nani, na sponji?

Redio aliitazama sigara yake kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani bila kuulizwa. Hakimu alikohoa. Gundi alinyanyua mikono yake kutoka kwenye beseni, safi mpaka kwenye kucha, akasema:

— Nasi ni watu wako, kaka.

Na kwa muda huo mfupi, pamoja na shida yake yote, Sindano alijisikia vizuri. Kahawa ilikuwa ya moto, jua lilikuwa bado halijawa kali, na mtu akiwa na marafiki wa kumchanganya hivi hana haja ya maadui. Ila shida yenyewe ilikuwa pale pale. Akiwa nao, hamshiki mtoto. Akimshika mtoto, hana pa kunyooshea mgongo.

— Hukumu yangu, alianza Hakimu, ni kwamba mtoto akue kwanza. Samaki mkunje angali mbichi. Akifika darasa la kwanza, kifua kimekomaa, atamzoea babu na harufu yake.

— Darasa la kwanza! Sindano aliruka. Nimshike akiwa na mkoba mgongoni?

Mlango wa karakana ukafunguliwa, akatoka mwanamke wa makamo mwenye vipande vya nyuzi vimemganda begani. Ndiye fundi cherehani mpya, aliyeanza kazi asubuhi hiyo hiyo kushona foronya za mito ya makochi. Alisimama, akajinyoosha kiuno kwa mikono miwili, akawasalimia wote vizuri kama alivyofundishwa kwao.

— Karibu, dada, karibu sana, alisema Redio akisogea. Hapa ndipo tunapovutia. Wewe unavuta aina gani?

— Mimi sivuti.

— Aa, hilo si tatizo. Redio alichomoa sigara kwenye pakiti, akamnyooshea kwa heshima zote. Chukua hii.

— Nimesema sivuti, kaka.

— Huivuti. Ni ya kushika tu.

Yule dada aliitazama sigara, akamtazama Redio, akawatazama wengine kuona kama anataniwa. Hakuna aliyecheka. Basi wakamweleza. Hakimu alieleza historia ya moto wa sponji. Redio alieleza amri ya bosi. Gundi alieleza jinsi sigara inavyokaa sikioni isianguke ukiinama. Sindano, ambaye wakati mwingine wowote angekuwa msemaji mkuu katika somo hili, aliwaachia wenzake. Alikuwa akimwangalia yule dada akisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama kidogo, kama anavyofanya mtu anayeelekezwa njia katika mji mgeni.

Walipomaliza, alisema:

— Nimeelewa. Ninyi mnaovuta mnapumzika saa hizi na alasiri. Mimi sivuti. Mapumziko yangu ni saa ngapi?

Redio aliirudisha ile sigara kwenye pakiti.

Hakimu alitafuta methali. Ungeweza kuona akiitafuta, macho yamepanda juu, midomo inachezacheza. Alianza, "Mgeni..." akaona haifai, akaanza, "Mwenda pole..." akaona hiyo ndiyo haifai kabisa, akaishia kunywa kahawa iliyokuwa imekwisha kikombeni.

Gundi ndiye aliyezungumza, na kwa mara ya kwanza hakukohoa kwanza.

— Na mimi niliuliza hivyo hivyo, dada. Siku yangu ya kwanza. Nilikuwa sivuti wakati huo.

— Wakakujibuje?

— Nilipewa kiberiti.

Sindano aligeuka kumtazama. Miaka yote wamekaa bega kwa bega na hakuwahi kujua. Alimwona Gundi yule mkubwa akiwa kijana mwembamba, kifua kisichokohoa, amesimama mahali aliposimama yule dada, anapokea kiberiti na kusema ahsante. Mmoja alinunua sigara ya kushika na mwingine akaiwasha, na hiyo ndiyo ilikuwa tofauti yote baina yao. Aliona uchungu, na pamoja na uchungu aibu, maana yeye alikuja hapa asubuhi kutafuta mashahidi kwamba havuti, na katika miaka yote ya kazi hakumwendea yule mtu mmoja aliyepaswa kuambiwa.

Mtu huyo alitokeza uso mlangoni.

— Jamani, leo mnavuta magogo? Mbona haziishi?

Bosi aliwatazama. Sigara ya Redio ilikuwa imejizimikia yenyewe. Mikono ya Gundi ilikuwa mitupu inakauka. Fundi mpya alikuwa amesimama tu. Bosi akakunja uso, kwa kuwa lilikuwa jambo ambalo hajapata kuliona pale.

— Mbona hakuna anayevuta?

Akamgeukia mshonaji wake.

— Sindano, ya kwako iko wapi?

Siku nyingine yoyote mkono wa Sindano ungeruka wenyewe sikioni. Safari hii aliuacha ulipo, juu ya goti.

— Sina, bosi. Sijavuta sigara tangu nizaliwe.

— Sasa umekaa hapo unafanya nini?

— Nimechoka, bosi. Nimekaa. Mgongo unauma na vidole vimekakamaa. Na jioni nataka nimshike mjukuu wangu, naye haruhusiwi moshi. Basi nimekaa tu, bila moshi. Nikipata nguvu nitarudi ndani, kochi la leo litaisha leo kama la jana lilivyoisha jana.

Alishangaa kwamba maneno yenyewe yalikuwa machache hivyo. Bosi alimtazama kama anayetazama kochi aliloliuza zamani limerudishwa mlangoni.

— Miaka yote hii?

— Miaka yote, bosi.

— Nilikuwa nikikuona nayo.

— Haikuwashwa.

Hakimu, ambaye hajapata kuacha kesi bila hukumu, alimwonyesha yule dada kwa kidevu.

— Bosi, huyu naye ana swali. Sisi limetushinda.

Yule dada alilirudia, hakupandisha sauti wala hakuishusha:

— Mimi sivuti, bosi. Mapumziko yangu ni saa ngapi?

Bosi aligeuka. Akatazama ndani ya karakana, akatazama benchi, akatazama barabara yote kana kwamba jibu liliahidi kupita. Mkono wake ukapapasa mfuko wa shati, ambao haujawa na kitu tangu alipoacha kuvuta, ukashuka mtupu.

— Ngoja nifikirie, alisema.

— Fikiri umekaa, alisema Bi Birika, na tayari alikuwa anammiminia.

Redio aliinuka kumpisha. Aliichukua pakiti yake, akaitazama, akawatazama wenzake.

— Msinihukumu, mimi nimekwisha kuzoea, haiachiki hivi hivi. Lakini upande wa pili wa barabara upepo hauwafikii. Msiseme jambo la maana mpaka nirudi.

Akavuka. Bosi akakaa, polepole, kama mtu anayepima kama kiunzi kitamhimili. Fundi mpya akapata nafasi mwishoni, akakunjua miguu yake mbele. Gundi akapokea kikombe kwa mikono yake misafi. Walikaa hivyo kitambo, hakuna mwenye kitu mkononi ila kahawa, na bosi hakuwa amepata jibu. Aliuliza swali la kwake, kwa kuwa hilo aliliweza.

— Huyo mjukuu, Sindano. Anafanana na nani?

Sindano alikizungusha kikombe baina ya viganja vyake.

— Sijui, bosi. Sijapata kumsogelea sawasawa.